Punda Afe, Mzigo Ufike: Kitanzi na Mbebaji wa Mihadarati

Mnamo Machi 2025 zilitufikia habari kwamba mahakama moja ya Ho Chi Minh City, nchini Vietnam, ilikuwa imemhukumu binti Mkenya adhabu ya kifo. Alikuwa amekamatwa katika uwanja wa ndege wa mji huo mwaka 2023, kokeini ya zaidi ya kilo mbili ikiwa imefichwa katika begi lake. Yeye alieleza kwamba begi lile alipewa na mtu hapa Kenya, akalipwa, akaagizwa alifikishe Laos. Jioni ile, katika chumba tunamokutania sisi wanafunzi wa uzamili baada ya maktaba kufungwa, mjadala ulipamba moto. Kuna waliomlilia na kuna waliomlaumu. Mwenzetu mmoja, mtu ambaye kwa kawaida huyapima maneno yake, alikata shauri kwa neno moja tu: "Alijua." Kisha akaendelea kunywa chai yake.

Neno hilo limekataa kunitoka. Sisi tunaojifunza lugha hulichambua kwa wepesi: kiambishi cha nafsi, kiambishi cha njeo, mzizi na kiishio, mofimu nne ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzitenga bila kutokwa na jasho. Lakini katika kesi za mihadarati katika baadhi ya nchi za Asia, mofimu nne hizo ndizo zinazomtenga anayebaki hai na anayenyongwa, na ajabu ni kwamba mara nyingi hapana anayelazimika kuzithibitisha. Msimamo wangu niutangaze mapema, msomaji asije akadhani ninamvizia. Hukumu ya kifo kwa makosa ya mihadarati ni dhuluma, na dhuluma hiyo haitokani na ukali wa kitanzi pekee. Inatokana pia na jinsi sheria zenyewe zinavyomchagua wa kutiwa kitanzini. Anayechaguliwa, aghalabu, ni mbebaji.

Lugha ya mitaani, na siku hizi hata ya magazeti, humwita mbebaji huyo "punda". Waliolibuni neno hili hawakukosea. Punda hapangi safari, hajui bei ya shehena aliyotwikwa, wala haulizwi. Fasihi yetu imewahi kumtazama mchukuzi kwa jicho la huruma. Adam Shafi katika riwaya ya Kuli (1979) alituweka bandarini Unguja miongoni mwa watu waliobeba mali ambayo haikuwa yao. Lakini makuli wale angalau waliweza kugoma. Huyu wa leo ana methali ya wahenga inayomngoja, methali ambayo wenye biashara hii wameigeuza kuwa kanuni ya kazi: punda afe, mzigo ufike. Kinachonishangaza ni kwamba mahakama nazo zimejitwika kuitekeleza nusu ya kwanza ya methali hiyo, huku nusu ya pili ikiendelea kutimia kila uchao.

Tuichukue Singapore, kwa kuwa sheria yake iko wazi na hukumu za mahakama zake huchapishwa, kinyume cha China na Vietnam ambako idadi ya wanaouawa ni siri ya dola. Sheria ya nchi hiyo ya kudhibiti dawa za kulevya ilitungwa mwaka 1973, na mwaka 1975 ikatiwa makali: atakayepatikana na hatia ya kulangua heroini inayozidi gramu 15, au, kwa marekebisho ya baadaye, bangi inayozidi gramu 500, adhabu yake ni kifo. Gramu 15, ndugu msomaji, ni kama vijiko vinne vidogo vya sukari. Sheria hiyo ina dhana mbili ambazo ningependa tuzitazame kwa makini. Kwanza, mtu akiwa na heroini inayozidi gramu 2, huchukuliwa kwamba alikusudia kuilangua. Pili, akipatikana na mzigo wenye mihadarati, huchukuliwa kwamba alijua kilichomo. Upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha "alijua". Ni mshtakiwa anayelazimika kuthibitisha "hakujua".

Sasa nauliza: mtu huthibitishaje kutojua? Aliyejua huenda ameacha alama: barua, simu, malipo, shahidi. Asiyejua hana alama yoyote, kwa sababu kutojua hakuachi nyayo. Wanasheria husema kuna "mzigo wa kuthibitisha". Hivyo punda aliyekamatwa na mzigo mmoja mgongoni huongezwa wa pili, na huo wa pili ndio umwuao.

Si jambo la kubuni. Mwishoni mwa mwaka 2004 kijana Mnijeria kwa jina Iwuchukwu Amara Tochi alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Changi akiwa na kapsuli zenye gramu 727 za heroini. Alikuwa mchanga, hajatimiza miaka ishirini, na ndoto yake ilikuwa kusakata kandanda ya kulipwa. Alisema kwamba mtu aliyemjua kwa jina la Smith alimpa kapsuli zile akimwambia ni mitishamba ya kumpelekea rafiki mgonjwa. Jaji aliyeisikiliza kesi aliandika katika hukumu yake kwamba hapakuwa na ushahidi wa moja kwa moja kuwa kijana huyo alijua kapsuli zile zilikuwa na heroini, wala hapakuwa na dalili kwamba Smith alimwambia au kwamba aligundua mwenyewe. Baada ya kuandika hayo, alimtia hatiani, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria kutojua kwake hakukumwokoa: alipaswa kuchunguza, na hakuchunguza. Tochi alinyongwa tarehe 26 Januari 2007, licha ya mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, Philip Alston, kuisihi Singapore isimnyonge. Bwana Smith hakupandishwa kizimbani pamoja naye.

Hapo kwenye "alipaswa kuchunguza" ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana pana jambo ambalo sheria ile haikulifikiria. Kwetu mtu akisafiri hupewa mizigo. Mimi nimepanda basi kutoka Mombasa kuja Nairobi mara nyingi, na sikumbuki safari hata moja niliyokuja na vitu vyangu pekee. Bibi wa nyumba ya pili atakuja na boksi lililofungwa kwa kamba ya katani: "Mwanangu, nifikishie mjukuu wangu amana hii." Utalipokea. Hutalifungua. Kulifungua mbele yake ni kumtukana, na kulifungua nyuma yake ni kuvunja amana. Mara moja boksi la namna hiyo lilivuja samli juu ya vitabu vyangu, kikiwemo kimoja cha maktaba ambacho nilikilipia, na hata hapo sikulifungua hadi lilipomfikia mwenyewe. Adabu hii imeshika mizizi kutoka Pwani hadi Bara, na sidhani kama Nijeria hali ni tofauti sana. Mlanguzi anaijua vyema adabu hii na ndiyo mtaji wake. Jaji wa mbali haijui, naye anaiita uzembe.

Simaanishi kwamba kila abebaye hajui. Wapo wanaojua, na wapo walio katikati, ambao walihisi jambo lakini kodi ya nyumba na karo za wadogo zao zikawanyamazisha. Hoja yangu ni kwamba sheria ya kuua haina nafasi ya hao wa katikati. Inajua uzani tu.

Watetezi wa Singapore watanikumbusha kwamba sheria ililegezwa mwaka 2012. Ni kweli, na inafaa tuone ililegezwa vipi. Tangu wakati huo, mshtakiwa akithibitisha kwamba alikuwa mbebaji tu, anaweza kuepushwa na kitanzi na kupewa kifungo cha maisha na viboko, mradi Mwendesha Mashtaka ampe hati kwamba amesaidia kwa kiasi kikubwa kuvuruga biashara ya mihadarati. Msomaji na alitafakari sharti hilo. Anayeweza kusaidia ni yule ajuaye majina, nyumba, njia na akaunti za benki. Punda halisi anajua nini? Anamjua mtu mmoja aliyejiita Smith. Kwa hiyo kadiri mshtakiwa alivyo mbali na kiini cha biashara, ndivyo anavyokosa cha kubadilishana na uhai wake. Njia nyingine ya kuokoka ni kuthibitisha maradhi ya akili, lakini njia hiyo nayo ni nyembamba kama tundu la sindano. Nagaenthran Dharmalingam wa Malaysia, aliyekamatwa mwaka 2009 akiwa na gramu 42.72 za heroini zilizofungwa pajani, alipimwa akili na kipimo kikasema 69. Mahakama zilishikilia kwamba alijua alichokuwa akifanya. Alinyongwa Aprili 2022.

Wenye mzigo, je? Hapa sihitaji kwenda Asia. Baktash na Ibrahim Akasha, wana wa familia iliyojulikana Mombasa nzima, walipelekwa Marekani Januari 2017 na wakakiri mashtaka katika mahakama ya New York. Kwa mujibu wa kesi hiyo, walikabidhi kilo 99 za heroini kwa watu waliodhani ni wanunuzi, kumbe walikuwa wakifanya kazi kwa niaba ya wapelelezi wa Marekani. Katika kesi iyo hiyo yalitajwa mahongo waliyowapa maafisa wa hapa kwetu ili kesi zao zisisonge mbele. Baktash alifungwa miaka 25 mwaka 2019, na nduguye miaka 23 mwaka uliofuata. Sisemi walistahili kunyongwa. Ningekuwa ninaubomoa ukuta ninaoujenga. Ninalinganisha tu. Kilo 99, na mwenye mali yu hai gerezani, anaweza kuandika barua, kukata rufaa, kuzeeka. Gramu 15 zikizidi kidogo, na mchukuzi amezikwa.

Yupo mtu mmoja ambaye hoja hizi hazimridhishi, nami siwezi kumpuuza. Ni jirani yetu wa Mombasa, mama ninayemwita mama mkubwa ingawa hatuna damu moja. Mwanawe wa kwanza tulisoma naye shule ya msingi. Aliingia katika unga akiwa kidato cha tatu. Tukamwona akikonda, akiuza vyombo vya mamake kimoja kimoja, sufuria, pasi, hatimaye mlango wa choo. Nimemwona akigaagaa kwa arosto barazani na mamake amemshika kichwa. Alifariki dunia kabla sijaingia chuo kikuu. Likizo iliyopita nilimweleza mama huyo kwamba ninaandika makala haya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia: "Wanyongwe, mwanangu. Wewe hukumwosha."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kwamba takwimu ni jibu la kumpa mama aliyefiwa. Hata hivyo tulipoendelea kuzungumza nilimwuliza ni nani hasa anayemtaka anyongwe. Hakumtaja mbebaji wa uwanja wa ndege. Alimtaja mtu wa mtaa wetu, mwenye ghorofa, ambaye sote tunamjua na ambaye hajawahi kulala seli hata usiku mmoja. Hasira yake ina haki na ina anwani, ila kitanzi hakifiki katika anwani hiyo. Iran imenyonga maelfu kwa makosa ya mihadarati kwa miongo kadhaa, na ingali mojawapo ya njia kuu za heroini itokayo Afghanistan. Shirika la Harm Reduction International lilihesabu watu wasiopungua 615 waliouawa kwa makosa hayo duniani mwaka 2024, walio wengi wakiwa huko Iran, bila kuwatia hesabuni wale wa nchi zinazoficha idadi. Unga haukuadimika mtaani kwetu mwaka huo.

Kwa upande wa sheria ya kimataifa sina haja ya kurefusha. Mkataba wa Kimataifa kuhusu Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972 na Vietnam mwaka 1982, huruhusu nchi ambazo hazijafuta hukumu ya kifo kuitoa kwa makosa mazito kupindukia pekee. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Kibinadamu ilifafanua kwamba makosa hayo ni yale yanayohusisha kuua kwa makusudi, na kwamba mihadarati haimo. Singapore haijajiunga na mkataba huo. Hata pasipo mkataba, upepo umeanza kugeuka. Malaysia iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo mwaka 2023, ikawarudishia majaji hiari yao. Vietnam yenyewe, miezi michache tu baada ya hukumu iliyotushtua, ilipitisha marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, yakifuta hukumu ya kifo kwa makosa manane, likiwemo la kusafirisha mihadarati. Waliokuwa wamehukumiwa kwa makosa hayo kabla ya tarehe hiyo na hawajauawa, hukumu zao zinapaswa kubadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Kosa la kuuza limebaki na kifo. Sishangilii hilo la pili, lakini angalau sheria moja imetambua kwamba kubeba na kuuza ni vitenzi viwili.

Nasi Wakenya tunaposimama kuwaombea raia wetu rehema ughaibuni, tunasimama kwa mguu mmoja. Sheria yetu ya mihadarati ya mwaka 1994 haina kifo; adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Hatujamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu wafungwa zaidi ya 4,000 mwaka 2009, Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia 2,747 mwaka 2016, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la kuua ni kinyume cha Katiba. Yote hayo ni mema. Lakini hukumu yenyewe imo bado katika Kanuni ya Adhabu, majaji wetu wanaendelea kuitamka, na watu wanaendelea kuingia Kamiti na Shimo la Tewa wakiwa na kifo katika hati zao. Serikali yetu ilipowasiliana na Vietnam mwaka 2025 kumwombea binti yule, tuliomba nchi nyingine isitende jambo ambalo sisi wenyewe tumeshindwa kulikana kwa kalamu. Bunge lingeweza kulimaliza hilo kwa mswada mfupi.

Hayo ni ya Bunge. Lipo moja ambalo ni letu sisi wa Kiswahili. Gereza la Kenya tunalijua kwa kalamu ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 na akatunga humo mashairi ya Sauti ya Dhiki. Punda hana diwani. Sauti yake hutufikia, ikitufikia, kupitia kwa mkalimani wa polisi au wa mahakama. Tangaraju Suppiah alinyongwa Singapore Aprili 2023 kwa kushiriki njama ya kusafirisha bangi ya gramu 1,017.9 ambayo haikupatikana mikononi mwake. Alilalamika kwamba polisi walipomhoji hakupewa mkalimani wa Kitamili. Mahakama haikumwamini.

Fikiria sasa Mswahili aliyekamatwa Jakarta au Guangzhou. Anahojiwa kwa lugha ya huko, maneno yake yanapitia Kiingereza chake cha kuungaunga, kisha yanaandikwa kwa maandishi asiyoweza kuyasoma, naye anatia saini. Alisema "nilishuku"? Alisema "nilihisi moyo wangu haukutulia"? Au "nilidhani ni nguo"? Sisi tunajua umbali uliopo baina ya kushuku, kudhani, kuhisi, kufahamu na kujua. Tunaandika tasnifu juu ya umbali huo. Katika sheria inayomhukumu mtu kwa kutochunguza alichokishuku, mkalimani akiteleza kutoka "nilihisi" hadi "nilijua", ameshamaliza kesi. Haki ya kupata mkalimani bila malipo imo katika Ibara ya 14 ya mkataba nilioutaja, na imo katika Ibara ya 50 ya Katiba yetu. Ila haki hiyo haina maana pasipo mtu aliyefunzwa kuitekeleza, na katika kozi nilizosoma tangu shahada ya kwanza, ukalimani wa mahakamani ulitajwa katika mhadhara mmoja tu, nao ulikuwa wa mwisho wa muhula.

Naomba chama chetu kitenge kikao cha kongamano lijalo kwa suala hili, na kiwaalike mawakili na wakalimani wa mahakama za Mombasa na Nairobi watueleze wanavyofanya kazi. Naomba pia Wizara ya Mambo ya Nje iandikiwe barua, iulizwe ni nani huwakalimania Waswahili wanaoshtakiwa katika nchi zenye kitanzi, na kama orodha ya wakalimani wetu inaweza kuwekwa balozini. Barua hiyo niko tayari kuirasimu. Na yule mwenzetu wa chai, aliyesema "alijua", ameyasoma makala haya kabla ya kwenda kwa mhariri. Anasema bado hajashawishika, na kwamba ananiandalia majibu katika toleo lijalo.